Sensa ya Injini

Katika lugha yetu neno sensa ni hesabu ya watu. Hapa Tanzania tumehesabiwa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na kila mara makarani wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza ni nani waliolala humo usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mafundi wa magari nao wanayo sensa yao. Kwao ni kidude kinachohisi jambo fulani ndani ya gari, kama vile joto au mwendo, na kupeleka habari zake kwenye kompyuta ya gari. Maneno haya mawili yametoka katika mashina tofauti, yakakutana katika Kiswahili kwa bahati tu. Hata hivyo iko sensa moja ya gari inayolistahili jina hili kwa maana zote mbili, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu. Inahesabu mizunguko ya injini. Mwaka 2009 sensa ya namna hiyo iliacha kuhesabu ndani ya gari langu, na kwa ajili yake nikamdhulumu mtoto wa dada yangu. Insha hii ni historia ya kidude hicho. Ni maungamo yangu vilevile.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia Dar es Salaam, na mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa akikaa kwangu na kuniendeshea. Alfajiri moja tukapata habari kwamba baba yetu mdogo amefariki Korogwe na kwamba mazishi ni saa tisa alasiri. Tukaondoka saa mbili asubuhi. Mpwa wangu alikuwa amejaza petroli usiku uliotangulia, na mambo yote yalionekana kuwa sawa.

Tulipopita Mlandizi, jua likiwa limeanza kuwa kali, gari lilizimika. Halikukohoa, wala halikuvuta kwa shida kama gari linaloishiwa mafuta. Lilizimika ghafla, kama mtu amezima taa. Tukapiga stata, injini ikazunguka vizuri lakini haikushika. Tukafunua boneti, tukatazama, tukafunga. Baada ya kiasi cha nusu saa mpwa wangu akajaribu tena, na gari likawaka kana kwamba halikuwa na ugonjwa wowote. Likaenda mpaka mbele ya Chalinze, likazimika tena. Tukangoja, likawaka. Likazimika mara ya tatu kabla ya Mkata. Tulipofika Korogwe watu walikuwa wakirudi kutoka makaburini.

Msomaji aliyepata kukosa mazishi ya mzee wake atanielewa, ingawa sitaki anisamehe kwa haraka. Niliketi kwenye jamvi na wafiwa, na mtu mmoja aliponiuliza kilichotuchelewesha, nilisema kwa sauti iliyosikika na wote kwamba kijana wetu huyu ameuza petroli yangu na kujazia mafuta ya taa. Yeye alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mjomba, sikugusa mafuta yako." Nikamwambia anyamaze. Kesho yake asubuhi nilikuta ufunguo wa gari umewekwa juu ya kitabu changu. Mwenyewe alikuwa amekwisha kupanda basi la Tanga.

Tuhuma yangu haikuzuka hewani. Miaka ile kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulikuwa kumeshamiri, kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo na bei yake ilikuwa chini. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Neno uchakachuaji lilikuwa midomoni mwa watu wote. Mtu akiwa na jibu lililo tayari namna hiyo, haoni haja ya kuuliza swali.

Niliporudi Dar es Salaam, baada ya kuzimikiwa njiani mara mbili, nilipeleka gari kwenye gereji bubu iliyokuwa karibu na shule. Fundi wa pale alitoa petroli yote. Akamimina kidogo kiganjani, akapuliza, akasubiri. Petroli safi hukauka upesi na kuacha kiganja kikavu. Yenye mafuta ya taa huacha utelezi. Akasema, "Mwalimu, petroli hii haina kitu." Nilimsikia kwa masikio haya haya, nami nikamjibu kwamba labda ile mbaya imekwisha kuungua njiani. Tukabadilisha chujio. Gari likaenda siku tatu, likazimika saa saba mchana. Likazimika safari hii fundi akiwamo, naye akasikiliza kwenye tangi, akasema pampu ya mafuta haivumi. Tukanunua pampu. Siku ya nne likazimika. Tukabadilisha plagi, tukasafisha tangi, tukabadilisha relei. Kila mara, kabla ya kuanza kazi, fundi alichomoa waya wa betri kwa usalama, jambo ambalo kwa fundi yeyote ni adabu njema. Nitaeleza baadaye jinsi adabu hiyo ilivyokuwa ikifuta ushahidi.

Hapa sharti niache gereji hiyo kwa muda, nirudi nyuma, kwa sababu ugonjwa wa gari langu ulikuwa na historia ndefu kuliko gari lenyewe.

Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Lakini liko hitaji la nne ambalo halionekani, nalo ni wakati. Cheche lazima iruke pistoni inapokaribia kufika juu, si mapema sana, kwani injini itagonga, wala si kwa kuchelewa, kwani nguvu itapotea. Injini inapozunguka mara 3000 kwa dakika, huo ni mzunguko wa 50 kwa kila sekunde. Yenye silinda nne inahitaji cheche 100 katika sekunde hiyo moja, na kila nyuzi moja ya mzunguko hupita katika sehemu moja ya 18,000 ya sekunde. Kwa hiyo tangu mwanzo ilibidi pawepo kitu ndani ya injini kinachojua wakati wote imefika wapi na inakwenda kasi gani.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini kitu hicho kilikuwa pointi. Charles Kettering na wenzake wa Delco, huko Marekani, walitengeneza kwa ajili ya magari ya Cadillac mfumo wa betri, koili na pointi kiasi cha mwaka 1910, na mwaka 1912 Cadillac ikatoka na stata ya umeme pia. Ndani ya distributa kulikuwa na mhimili uliozungushwa na injini yenyewe. Mhimili huo ulikuwa na pembe, na kila pembe ilipopita ilisukuma pointi zikaachana. Mkondo wa umeme ulipokatika, koili ilitoa cheche. Hapakuwa na haja ya mhesabuji mwingine. Injini ilijihesabia kwa chuma chake, na aliyetaka kujua kama hesabu ni sawa alifungua kifuniko akaona kwa macho.

Mimi mwenyewe niliona. Mwaka 1968, nikiwa mtoto Korogwe, mfanyabiashara mmoja wa mji ule alikuwa na Peugeot 404. Gari hilo lilikuwa na sifa kubwa wakati huo, maana lilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966, 1967 na 1968, mfululizo, katika njia za vumbi na matope ambazo tulizijua wenyewe. Fundi wake alikuwa mzee asiyejua kusoma. Gari likikataa kuwaka alifungua kifuniko cha distributa, akasugua pointi kwa msasa, akapima nafasi yake kwa kipande cha pakiti ya sigara. Nafasi inayotakiwa katika magari mengi ya aina ile ni karibu milimita 0.4. Kisha aliwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akageuza distributa pole pole mpaka sauti ikamridhisha. Sisi watoto tulidhani anaongea na gari. Kwa kweli alikuwa akifanya vipimo, isipokuwa mita yake ilikuwa mwilini mwake.

Kwa nini basi pointi zikaondoka? Jibu halikutoka gerejini. Lilitoka hewani, katika mji wa Los Angeles. Baada ya vita vya pili vya dunia, ukungu mchafu uliowatoa watu machozi ulikuwa ukiufunika mji ule, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Pasadena, alionyesha kwamba jua linapoupiga moshi wa magari ndipo ukungu huo unapozalika. Mwaka 1967 jimbo la California likaunda bodi yake ya hewa, na yeye akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria iliyodai moshi wa baadhi ya sumu upunguzwe kwa asilimia 90 katika magari ya mwaka 1975. Pointi hazikuweza kuishi chini ya sheria hiyo. Kila kilomita zinazopita, kisigino cha pointi hulika, wakati wa cheche huhama, na petroli isiyoungua hutoka na moshi. Mwaka 1973 Chrysler ilitia mfumo wa cheche usio na pointi katika magari yake yote. Wengine wakafuata.

Kilichochukua mahali pa pointi ni ugunduzi uliokuwa umeingoja kazi hiyo kwa miaka mia moja na zaidi. Mwaka 1831, huko London, Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na mzingo wa waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Sensa ya mizunguko ya aina ya kwanza si kitu kingine ila hicho: sumaku ndogo, waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi sana, na mbele yake gurudumu la chuma lenye meno. Jino likipita, usumaku hubadilika, na waya hutoa wimbi dogo la umeme. Jino jingine, wimbi jingine. Kompyuta huhesabu mawimbi hayo na kupima muda ulio kati yake, ikajua kasi. Iko pia aina ya pili, inayotumia jambo aliloligundua Edwin Hall huko Baltimore mwaka 1879, ambayo huhitaji kupewa umeme ili ifanye kazi. Gari langu lilikuwa na aina ya kwanza.

Mwaka 1979 BMW ilitoa gari lenye mfumo wa Motronic uliotengenezwa na Bosch, ambamo kompyuta moja iliamua mafuta na cheche kwa pamoja. Kwenye gurudumu zito la injini zilifungwa sensa mbili: moja ya kuhesabu meno na nyingine ya kuonyesha alama ya mwanzo. Baadaye ikaonekana kwamba sensa moja yatosha, ikiwa gurudumu litagawanywa katika meno 60 na mawili yang'olewe. Pengo lile ndilo humwambia mhesabuji, hapa ndipo mwanzo, anza upya. Toyota kwa miaka mingi waliiacha sensa yao ndani ya distributa, mahali pale pale palipokuwa na pointi, na ishara yake wakaiita NE. Fundi wa Korogwe angefungua kifuniko angepatambua mahali, lakini asingeona kitu cha kusugua.

Magari haya yalitufikia kwa wingi kwa njia ya sera. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 nchi yetu haikuwa na fedha za kigeni, na magari mengi yalikuwa yamesimama juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa, na katika miaka iliyofuata milango ikazidi kufunguka. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na ukaguzi wa magari yaliyozeeka kwao ni wa gharama kubwa, hivyo magari yao yakawa yetu. Yalikuja na kompyuta ndani, lakini vitabu vyake havikuja, na vilivyokuja viliandikwa Kijapani. Mafundi waliojifunza kwa sikio na bisibisi walijikuta mbele ya sanduku lililofungwa. Wengi wao walijifunza upya kwa akili zao wenyewe, bila shule na bila mshahara, na sijaona mahali jambo hilo lilipoandikwa kama linavyostahili. Wengine walibaki na jibu moja, kwamba kompyuta imekufa, au walibadilisha kifaa baada ya kifaa mpaka mwenye gari aishiwe fedha.

Mimi nilikuwa nikielekea kuishiwa. Ndipo mwalimu mwenzangu aliponiambia kwamba Gerezani yuko fundi umeme wa magari ambaye zamani alikuwa fundi wa redio. Nilimkuta chini ya kibanda cha mabati. Nilianza kumweleza habari za petroli na za mpwa wangu, akaniinulia mkono. "Mwalimu, habari za watu tuziache kwanza. Niambie gari linafanya nini. Linazimika likiwa baridi au likiwa moto? Linakohoa au linakatika? Ukipiga stata likiwa limezimika, mshale wa mizunguko unacheza au umelala?"

Sikuwa nimetazama mshale. Hilo la kwanza lilinitia haya, kwa kuwa huwaambia wanafunzi wangu kila siku kwamba shahidi aliyekuwapo bila kutazama si shahidi.

Akaniuliza ni nani aliyechomoa betri mara ya mwisho, na lini. Nikamwambia, wiki iliyopita. Akasema, "Vizuri, basi tangu hapo limezimika angalau mara moja." Alichukua kipande cha waya, akafungua kisanduku kidogo chini ya boneti, akaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Ikapepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Ikatulia kwa muda mrefu zaidi. Kisha mara moja, na mara tatu. "Kumi na mbili, kumi na tatu," akasema. "Kompyuta inalalamika kwamba haipati hesabu ya mizunguko, wakati wa kupiga stata na wakati wa mwendo."

Hapo ndipo nilipojua maana ya ile adabu ya kuchomoa betri. Gari lilikuwa likiandika kosa lake kila lilipozimika, na kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme wa betri. Sisi tulikuwa tukiifuta kwanza, ndipo tunaanza kuuliza.

Nilitaka aende akanunue distributa mara moja. Akakataa. Namba ile, alinieleza, inasema kwamba habari haifiki. Haisemi ni kwa nini haifiki. Huenda mhesabuji amekufa, huenda njia yake imekatika, huenda mlango wa kompyuta una kutu. Akafuata waya kwa vidole toka distributa hata kompyuta, akaivuta soketi na kuitazama, akapima kila waya mwanzo na mwisho. Njia ilikuwa nzima. Akafungua kifuniko, akapima nafasi kati ya meno na koili, ilikuwa sawa. Ndipo akaweka mita kwenye koili yenyewe. Sensa za namna hii aghalabu huonyesha ukinzani wa mamia ya omu, na kila gari lina kiwango chake. Yetu ilisoma kiwango kizuri kabisa. Moyo wangu ukarudi kwa mpwa wangu na mafuta ya taa.

Fundi hakushangaa. "Sasa hivi ni baridi," akasema. "Mgonjwa wa homa ya jioni humpimi asubuhi." Akaliwasha gari, akaliacha lingurume chini ya jua la saa sita. Tukanywa chai. Baada ya dakika arobaini hivi likazimika, kwa ile namna yake ya kuzima taa. Akanituma nipige stata nikitazama mshale wa mizunguko. Injini ilizunguka, mshale ulilala pale pale kwenye sifuri. Akachomoa soketi upesi, akaweka mita. Haikuonyesha kitu. Waya ulikuwa umekatika. Akalowesha kitambaa maji, akakizungushia distributa, tukasubiri. Baada ya muda mita ikaamka yenyewe na kusoma kile kiwango kizuri cha asubuhi.

Akaifungua distributa na kuitoa, akaomba mashine ya kukaushia nywele katika saluni ya jirani, akanionyesha mezani jambo lile lile mara mbili: ikipata joto inakatika, ikipoa inaunga. Waya mwembamba ndani ya koili ulikuwa na ufa usioonekana. Joto lilipoitanua koili, ncha mbili za ufa ziliachana. Baridi ilipoirudisha, ziligusana. Gari likawa zima kwa kila aliyelipima asubuhi.

"Na pampu?" nikamwuliza. "Mbona ilikuwa haivumi?" Akacheka kidogo. Katika gari hili, akasema, pampu hufanya kazi kwa amri ya kompyuta, na kompyuta isipoona injini ikizunguka huizima, ili gari likianguka petroli isiendelee kumwagika. Kompyuta isipopata hesabu, haitoi cheche, haifungui mafuta, na pampu inaambiwa inyamaze. "Pampu ilikuwa inatii tu. Ninyi mkaihukumu."

Tulipata distributa iliyotumika, naye akaipima kwanza ikiwa baridi na ikiwa moto kabla sijailipia. Gari likaacha kuzimika. Gharama yote ya siku ile ilikuwa chini ya bei ya pampu niliyoinunua bure.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeponywa, na furaha hiyo haikufika usiku. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikuwa nimekitafuta katika nguo ya mtoto wa watu. Nilijaribu kujitetea kwamba dalili zote zilimwelekea yeye: ndiye aliyejaza mafuta, ndiye aliyekuwa na ufunguo, na wizi ulikuwa umeenea. Lakini hata pampu dalili zote ziliielekea. Na nilikuwa nimepewa ushahidi mkononi, kiganja kikavu cha yule fundi wa kwanza, nikaupinda ufuate hukumu niliyokwisha kuitoa. Miaka mingi nimefundisha vijana kwamba mwanahistoria hutofautisha kinachotangulia na kinachosababisha. Petroli ilitangulia kuzimika kwa gari. Ni hilo tu ililolifanya.

Arobaini ya mzee wetu ilifika wiki moja baadaye. Nilikwenda Korogwe na lile gari, tena mchana wa jua kali, na halikuzimika. Mpwa wangu alikuja kutoka Tanga, akaketi mbali nami. Baada ya dua niliomba ruhusa ya kusema. Niliwaeleza watu, ambao wengi ndio wale wale waliokuwapo siku ya mazishi, kwamba nilimsingizia kijana huyu. Kwamba petroli ilikuwa safi. Kwamba kilichotuchelewesha ni waya mwembamba kuliko unywele. Nilikuwa nimeichukua ile koili mfukoni, nikaipitisha mikononi mwao. Wazee waliigeuzageuza bila kuelewa, lakini walielewa kwa nini nimeileta. Dada yangu alilia. Mpwa wangu alisimama, akanipa mkono, akasema, "Mjomba, yamekwisha."

Yalikwisha kwa namna yake. Alibaki Tanga, akawa dereva wa lori, na leo ana familia yake. Akija Dar es Salaam hufikia kwangu, nasi hucheka vizuri. Lakini tangu siku ile hakupata kushika tena ufunguo wa gari langu. Nikimwomba anipeleke mahali, husema amechoka na safari, na hunitafutia dereva mwingine kwa upole.

Siku hizi kazi ya fundi imekuwa nyepesi kwa upande mmoja. Magari yote mapya yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yalitakiwa kuwa na tundu la namna moja la kuchomekea mashine ya kupimia, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kijana anachomeka kidude, na simu yake inaandika P0335, yaani hitilafu katika njia ya sensa ya mzunguko wa kranki. Ni jambo jema. Ila nimeona pia watu wakisoma namba hiyo na kununua sensa papo hapo, kumbe panya ametafuna waya. Namba imechukua mahali pa tuhuma za zamani. Imekuwa ndilo jibu lililo tayari. Yule fundi wa redio, nilipompitia miaka michache baadaye, alikuwa amenunua mashine hiyo. Ilikuwa mezani pake, na kando yake ilikuwapo mita ile ile ya zamani, na kopo la maji, na kitambaa.

Koili ninayo bado. Imo kwenye droo ya meza ninayoandikia, pamoja na kalamu na miwani ya zamani. Kila nikiipima asubuhi, inasoma vizuri.